1325 haikuletwa na wazungu, tuache kulirudia hilo

Wiki iliyopita nimesikia tena kwamba 1325, lile azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linalotaka wanawake washirikishwe kwenye kutafuta na kulinda amani, ni la wazungu, na safari hii ndani ya siku moja, kutoka kwa watu wawili wasiokubaliana karibu kwa lolote. Asubuhi mzee mmoja wa kamati ya amani kasema haya mambo ya wanawake kukaa mezani ni ya wazungu, sisi hatunayo. Mchana mgeni wa mradi, tena kwa nia njema kabisa, kafungua semina kwa kusema wamekuja kutusaidia tuielewe 1325. Yaani mmoja anaikataa kwa sababu ni ya wazungu, mwingine anatuletea kwa sababu anadhani ni yake, na wote wawili wamekosea palepale.

Jamani. Azimio lilipita tarehe 31 Oktoba 2000 na uenyekiti wa Baraza la Usalama mwezi ule ulikuwa wa Namibia. Mei ya mwaka huohuo, hukohuko Namibia, lilitoka Azimio la Windhoek kuhusu usawa wa kijinsia katika shughuli za kulinda amani, na ukisoma utangulizi wa 1325 utalikuta limetajwa kwa jina. Machi kiti kilikuwa cha Bangladesh, ndio waliotoa tamko la Siku ya Wanawake lililofungua njia. Jamaica walikuwemo barazani, Mali walikuwemo, Malaysia, Tunisia. Sasa huyo anayesema limetoka Ulaya kalisoma wapi?

Na hayo ni makaratasi tu, kazi yenyewe ilishaanza. Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 90, koo zinauana, wanawake akiwemo Dekha Ibrahim Abdi wakaanzia sokoni, wakakubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kuguswa, na wakawa wanaangalia kila siku kama kweli inafuatwa. Hakuna andiko la mradi hapo. Burundi, Julai 2000, wanawake wa pande zote walikutana Arusha, wakampelekea Mandela, aliyekuwa msuluhishi, mapendekezo yao na mengi yakaingia kwenye mkataba wa amani uliosainiwa tarehe 28 Agosti, miezi miwili kabla ya 1325. Mwaka huohuo kwenye mkutano wa amani ya Somalia kule Arta, Djibouti, viti viligawanywa kwa koo na wanawake wa Somalia hawakuwa na pa kukaa, Asha Haji Elmi na wenzake wakajitangaza kuwa ukoo wa sita na wakaingia.

Nikisema hivi watu wanadhani nagombania sifa. Hapana, nagombania kitu kinachotokea kila siku kazini. Ukishaamini ujuzi umetoka nje, basi wa nje ndio anakuwa mtaalamu na wa ndani anakuwa mnufaika, mmoja analipwa kwa siku na mwingine anapewa nauli, na hakuna anayeona ubaguzi hapo kwa sababu hakuna aliyetukanwa.

Nitoe mfano mmoja maana huu ndio unaoniuma. Nilikuwa mkalimani kwenye kikao, mama mmoja mpatanishi akaeleza kwa karibu saa nzima alivyozuia kisasi: alianza na mama wa kijana aliyeuawa na sio baba, kwa nini, alisubiri siku ngapi, nani alimpeleka, na kwa nini hakutaja fidia mpaka ziara ya tatu. Ule ulikuwa uchambuzi, kulikuwa na sababu na hatua na mambo aliyoyajaribu yakashindikana akayaacha. Ripoti ilipotoka, yeye yuko ndani ya kiboksi chenye picha kilichoandikwa "Sauti kutoka mashinani", sentensi mbili, analia na anashukuru. Zile hatua zake ziko kurasa za mbele, zimepewa jina la mbinu, chini ya jina la konsaltanti. Ndio maana nachoka na neno "kujengewa uwezo". Maneno yaleyale akiyasema mmoja ni ushuhuda, akiyasema mwingine ni utaalamu, na kinachotofautisha ni rangi na pasipoti. Kumwongeza mwanamke mweusi kwenye jopo hakugusi hilo hata kidogo kama jopo lenyewe limeshapangiwa maswali.

Maswali ndio kila kitu. Angalia Itifaki ya Maputo ya 2003, ile ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, kifungu cha 10 kinazitaka nchi zipunguze sana matumizi ya kijeshi, pesa iende kwenye maendeleo ya jamii hasa ya wanawake. 1325 haina aya kama hiyo. Lakini semina nilizohudhuria za 1325 sizihesabu tena, za kifungu cha 10 nakumbuka mbili. Na mipango kazi ya nchi tajiri ya kutekeleza 1325, tangu Denmark walipoanza 2005, mingi inaongelea wanawake wa kwetu, ni nadra ukute inamtaja mkimbizi aliyefungiwa kwenye vituo vyao wenyewe au silaha wanazouza.

Ila kuna mahali na mimi nakwama na sitaki kuficha. Yule mzee wa asubuhi naye anatumia neno ukoloni, anasema tunarudisha mila, na ndani ya hiyo mila hakuna kiti cha mwanamke. Sijapata jibu linalonitosha. Namwambia ya Wajir, anasema wale walikuwa wasomi. Na sisi wenyewe tunaotoka mjini tukifika kijijini tunaongea na mama anayejua kusaini, yule wa jamii ndogo inayodharauliwa na majirani zake anabaki nje ya mkeka, na huo ubaguzi hatuwezi kumsingizia mfadhili.

Yule mama wa kiboksi alinipigia baadaye, mwanae alikuwa amemsomea ripoti. Akaniuliza, "Mwanangu, yale ya ziara ya tatu yameandikwa jina la nani?" Nikamwambia ukweli. Nimeandika barua mara mbili kuomba jina lake liwekwe kwenye ule ukurasa wa mbinu, nimejibiwa kwamba muundo wa ripoti hauruhusu. Ya tatu naituma Jumatatu, na safari hii yeye ndiye anayeisema, mimi naandika tu.