Ndani ya Neno "Ushahidi" Yumo Shahidi

Wiki iliyopita nilipanda Coaster ya kwenda Arusha katika stendi ya Moshi, na kabla hatujafika Boma Ng'ombe kijana aliyeketi kando yangu alikuwa ameshaninyooshea simu yake mara tatu. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo, nikaitikia, kisha akaniuliza kama nimeuona "ushahidi mpya" kuhusu mtu aliyetoweka mjini kwetu miezi kadhaa iliyopita, ambaye jina lake silitaji hapa kwa kuwa nyumbani kwake bado wanamsubiri. Ushahidi wenyewe ulikuwa picha ya gari jeupe lililoegeshwa kando ya barabara, namba zake hazisomeki, na mtu asiyejulikana alikuwa amelizungushia duara jekundu. Chini ya picha yaliandikwa maneno mawili tu: ushahidi upo.

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi na si desturi yangu kuwasahihisha watu ndani ya gari. Hata hivyo neno hili nimelisikia likitumiwa hivyo saluni, sokoni Mbuyuni, na hata msibani, na kila mara lilikuwa limewekwa mahali ambapo hapakuwa na ushahidi wowote.

Kwa ufupi, ushahidi ni maelezo au kitu kinachotolewa ili kuthibitisha kwamba jambo fulani lilitokea au halikutokea, na ambacho mtu mwingine anaweza kukipima. Kamusi itakupa maana inayokaribiana na hiyo. Kinachoniuma ni kwamba neno hili linabeba mtu ndani yake, na sisi tumemshusha mtu huyo njiani tukaendelea na safari.

Mtu huyo ni shahidi. Tumelipokea neno hili kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake wa konsonanti tatu, sh, h na d, una maana ya kuhudhuria na kuona. Shahidi ni yule aliyekuwapo. Waswahili wakamtangulizia kiambishi u-, kama walivyofanya kwa mwalimu na fundi wakapata ualimu na ufundi, nao ushahidi ukawa hali na kazi ya kuwa shahidi. Ndiyo maana katika Kiswahili fasaha ushahidi hutolewa, na anayeutoa husimama, hutaja jina lake, huapa, kisha huulizwa maswali. Mzizi huohuo umetupa shahada, ambayo ni tamko la imani la Mwislamu na pia ni cheti cha mhitimu wa chuo kikuu, kwa sababu chuo kinamshuhudia kuwa amesoma na kufaulu. Umetupa pia mashahidi wa dini, kama Mashahidi wa Uganda wanaokumbukwa na Wakatoliki kila tarehe 3 Juni, watu waliokubali kufa kuliko kukana walichokiamini. Hata kidole kinachofuata gumba tunakiita kidole cha shahada, kwa kuwa ndicho ambacho Mwislamu hukiinua anapotamka shahada katika sala. Ndicho hichohicho tunachokinyoosha tunapomwonyesha mtu, na ningependa kila anayekinyoosha kuelekea kwa jirani yake alikumbuke jina la kidole hicho.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutaja yale yasiyo ushahidi. Tuna shaka, dhana na yakini, maneno matatu ambayo wanazuoni wa Kiislamu waliyapanga kama ngazi tangu zamani: shaka ni pale pande mbili zinapolingana uzito, dhana ni pale upande mmoja unapoelemea, na yakini ni pale ambapo upande wa pili haupo tena. Siku hizi tunasema dhana tukimaanisha wazo au fikra kuu ya jambo, na si kosa, lakini kitenzi kudhani kimebaki palepale kilipokuwa, na mtu akisema "nadhani" hakuna anayemdai kithibitisho. Tuna fununu na tetesi. Tuna uvumi, unaotokana na kuvuma, kama vile upepo unavyovuma, au nyuki, au ngoma ya mbali: sauti unaisikia kila upande, lakini huwezi kumpata mmoja ukamuuliza yeye aliona nini.

Halafu tuna dalili, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu nadhani ndipo mkanganyiko wote unapoanzia. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na kule lina maana ya kiongozi wa njia na pia hoja inayothibitisha jambo. Kwetu limepungua nguvu na kuwa ishara tu, nasi tumepata faida kwa kupungua huko, maana lugha imepata neno la kitu kinachoelekeza bila kuthibitisha. Homa ni dalili ya malaria, lakini ni dalili ya taifodi vilevile, na ndiyo sababu ukifika zahanati ukiwa na homa hupewi dawa hapohapo. Unatolewa damu, unangoja majibu kwenye benchi. Gari jeupe lililoegeshwa kando ya barabara laweza kuwa dalili, kwa maana kwamba linampa mpelelezi mahali pa kuanza kuuliza. Anayeliita ushahidi anakuwa ameruka benchi na maabara, na dawa ameshamnywesha mgonjwa ambaye huenda si yeye mwenye homa.

Nikieleza hivi hujibiwa kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naiheshimu methali hiyo, na nimeifundisha. Ilizaliwa mahali ambapo msemaji na msemwaji walichota maji kisima kimoja, na aliyezusha jambo alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Inatosha kumfanya mtu aanze kuulizia. Haikuwekwa ili itumike badala ya jibu, na aliyeketi Dodoma akisoma kuhusu mtu wa Moshi aliyetoweka hana kisima anachochangia na yeyote katika habari hiyo.

Mahakama zetu zimelishika neno hili karibu sana na asili yake. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ambayo ni ya mwaka 1967, inataka kwamba ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: jambo likiwa ni la kuonekana, aje mtu anayesema aliliona yeye, na likiwa ni la kusikika, aje aliyelisikia yeye. Wapo watakaonikumbusha kwamba uko pia ushahidi wa mazingira, na ni kweli uko, tena mtu anaweza kutiwa hatiani kwa huo peke yake. Lakini sharti lake ni zito kuliko wanavyodhani wanaoutaja, kwa sababu mazingira hayo yote lazima yaungane na kuelekea kwa mtu mmoja kwa namna isiyoacha maelezo mengine yoyote ya busara. Kila kipande cha mazingira hayo nacho huletwa na mtu aliyekiona, akaulizwa alikuwa amesimama wapi na ilikuwa saa ngapi. Picha za simu nazo zinakubalika; Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imelifungulia mlango jambo hilo. Hata hivyo uzito wake hupimwa kwa kuangalia ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa, na skrinshoti iliyokatwa pembeni, ikapita kwenye simu za watu wasiohesabika huku kila mmoja akiongeza duara lake, haiwezi kujibu hata swali la kwanza kati ya hayo.

Katika mtaa ninaoishi kuna kijiwe cha bodaboda chini ya mgrevilea, na mmoja wa vijana wa pale namfahamu tangu akiwa mwanafunzi wangu. Siku chache baada ya mtu yule kutoweka, familia yake ilibandika matangazo kwenye nguzo za umeme: picha yake akiwa amevaa suti ya harusi, namba mbili za simu, namba ya RB, yaani ya taarifa iliyofunguliwa polisi, na mstari unaosema kwamba mara ya mwisho alionekana amevaa sweta ya kijani. Kijana aliposoma habari za sweta aliwaambia wenzake kwamba huenda alimbeba mtu huyo asubuhi moja mpaka stendi. Alisema huenda. Hicho ndicho kitu pekee katika mkasa mzima, kwa kadiri ninavyoujua, kilichokaribia kuwa ushahidi, kwa sababu nyuma yake alikuwapo mtu mwenye macho, aliyeweza kuulizwa.

Baada ya siku mbili picha ya kijana huyo ilikuwa inazunguka, refleta yake ya njano imezungushiwa duara jekundu lilelile, na juu yake maneno "mtu wa mwisho kumwona". Yatazame maneno hayo kwa utulivu. Hayasemi kwamba alitenda lolote. Tena si sahihi hata kwa kile yanachokisema, maana wa mwisho tunayemjua si lazima awe wa mwisho aliyekuwapo. Lakini yalisomwa kama hukumu. Watu walianza kuuliza pikipiki yake aliipata wapi, na kwa nini siku hiyo alirudi nyumbani mapema. Mmoja aliandika kwamba anavyocheka kwenye picha yake ya zamani ni ushahidi tosha.

Nilimkuta nyumbani kwao, pikipiki imefunikwa turubai, mama yake anachambua maharage bila kuinua uso. Nilimuuliza kama amekwenda kituoni kuandika maelezo kuhusu abiria wake. Alinijibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nikienda sasa hivi si nitakuwa nimejipeleka mwenyewe?"

Jibu hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya nione kwamba kosa hili si la sarufi. Tulipoyaita maneno ya wasiokuwapo ushahidi, yule aliyekuwapo tulimwita mtuhumiwa, naye akanyamaza. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 13(6)(b), inakataza hata mtu ambaye tayari ameshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa hadi hatia yake ithibitike. Kijana huyu hakuwa ameshtakiwa, hakuwa ametuhumiwa na chombo chochote. Alikuwa shahidi, au angeweza kuwa.

Kosa hili lina sura ya kutisha zaidi pale ambapo hata aliyetoweka mwenyewe hugeuzwa mkosaji. Baada ya mabomu kulipuka katika mbio za Boston huko Marekani tarehe 15 Aprili 2013, watu wa mitandaoni walilinganisha picha zilizotolewa na wapelelezi na sura ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa ametoweka tangu mwezi uliotangulia, wakatangaza kwamba ndiye. Familia yake, iliyokuwa imefungua ukurasa ili kuomba msaada wa kumtafuta, ilipokea matusi na vitisho kwenye ukurasa huohuo hadi ikaufunga. Waliohusika walikuwa watu wengine kabisa. Siku chache baadaye mwili wa mwanafunzi huyo ulipatikana mtoni. Alikuwa amefariki kabla ya bomu lolote kulipuka. Waliomtaja walikuwa na picha mbili zilizofanana, na kufanana ni dalili iliyo dhaifu kuliko zote, kama anavyojua yeyote aliyewahi kumkimbilia mtu mjini akidhani ni ndugu yake.

Silaumu mtandao kwa jumla. Wenzetu wa Kenya, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, waliunda jukwaa wakaliita Ushahidi, ambako mwananchi alituma kwa simu au kwa intaneti habari ya tukio lililomkuta mahali alipo, nayo ikawekwa kwenye ramani. Jina hilo lilichaguliwa kwa haki, kwa sababu walioombwa kutuma habari walikuwa watu walioko kwenye tukio. Chombo ni kilekile tunachokishika sisi. Tofauti iko kwa aliyekishika, kama alikuwapo au hakuwapo.

Wala sidhani kwamba kijana wa kwenye Coaster alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na huruma. Aliniambia kwamba analala akimfikiria mama wa mtu yule, na kwamba kutuma picha ndicho kitu pekee anachoweza kufanya akiwa Arusha. Nilimsikiliza, kisha nikamwambia taratibu kwamba akitaka kumsaidia mama huyo na asambaze tangazo lake lenye namba ya RB na zile namba mbili za simu, na kwamba yapo maneno yanayomfaa yeye: nashuku, nadhani, nimesikia, nimeambiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwaibisha mwenye kulitumia. Alikaa kimya mpaka tukapita Usa River.

Tulipokaribia Tengeru aliitazama tena ile picha, akaniuliza, "Sasa mama, hii niiite nini?"

Nikamwambia aiite picha ya gari jeupe, na kama anamjua aliyeipiga, amwombe mtu huyo aende kituoni akaandike maelezo.