Boga ya baridi ni boga gani?

Shemeji yangu alinitumia foto ya risheti ya kupika kwenye WhatsApp, imeandikwa kwa Kifaransa courge d'hiver, akauliza, yaya, hii boga ya baridi tutaipata wapi huku Lubumbashi, si iko ya Wazungu tu? Nikamwambia angalia chini ya kitanda chako, kuko tatu.

Njo hapa watu wanapotea. Hiyo baridi kwenye jina haisemi boga inapandwa lini, inasema inaliwa lini. Ulaya na Marekani inakua wakati wa joto, wanaivuna kabla baridi kali haijaichoma shambani, halafu wanaiweka ndani wanaikula ile miezi ambayo hakuna kitu kinaota. Sasa angalia ya kwetu: mvua ikishika tunapanda boga katikati ya mahindi, mwezi wa 4 au wa 5 mvua imekatika tunavuna, na mwezi wa 7 asubuhi watu wanatembea na kofia za manyoya juu ya baridi, ile boga ingali kwenye kona ya nyumba inangoja sufuria. Si ni ileile tu.

Kinyume chake ni kurjeti, ile inachumwa changa, ngozi laini, mbegu hazijakomaa, wiki moja tu imeshalegea. Na kurjeti si mmea mwingine wa ajabu, iko jamii ya Cucurbita pepo, na kuko maboga ya ngozi ngumu ya jamii hiyohiyo, hata kurjeti yenyewe ukiisahau shambani inakuwa gogo. Yale makubwa ya mviringo mengi ni Cucurbita maxima, butternut yenye shingo ni Cucurbita moschata. Zote asili yake ni Amerika, sawa na mahindi tunayopanda nayo pamoja.

Kwa hiyo ukienda sokoni piga kucha kwenye ngozi, ikiingia kirahisi hiyo haijakomaa, haitafika mbali. Angalia na mkia, uwe umekauka na umeshika vizuri. Wale wanaobeba boga kwa mkia wananiudhi kweli, mwaka jana nilivunja moja hivyo mimi mwenyewe (ndiyo, mimi), baada ya wiki mbili pale mkia ulipotoka pakawa maji maji na harufu, nikatupa nzima. Ukivuna iache kama siku 10 mahali pa joto na hewa, ngozi ikaze, kisha iweke pakavu, zisigusane. Usiweke nzima kwenye frigo, baridi ya chini ya digrii 10 inaiharibu polepole, na usiku wa mwezi wa 7 hapa kwetu unashuka chini ya hapo, njo maana inalala ndani ya nyumba na si veranda.

Na kukaa kwenyewe kunaisaidia, juu wanga unageuka sukari kidogo kidogo, ndiyo sababu boga uliyokula siku ya kuvuna ilikuwa maji maji tu na ya mwezi wa 6 ni tamu bila kuongeza kitu.

Kupika si kazi, kazi ni kukata. Tumia kisu kizito, weka upande uliolala vizuri, uipasue katikati. Mimi sitoi ngozi, napanga vipande ngozi ikiwa chini, maji kidogo tu yasifunike, chumvi, kifuniko, mbabula (jiko la makaa) yenye moto wa wastani, kama dakika 25 kisu kinaingia chenyewe. Watu wengi wanaizamisha ndani ya maji halafu wanalalamika haina ladha, ladha mmeimwaga nyinyi. Ukionja ikawa chungu, chungu kabisa, tema na utupe yote, huo uchungu ni sumu na kupika hakuutoi.

Majani yake tunayajua na unga wa karanga na bukari (ugali), hayo sihitaji kufundisha mtu. Mbegu osha, kausha, kaanga na chumvi, ila uweke kando chache za kupanda mvua ikirudi.