Kabla hujatupa kibodi, ipime Shift ya kulia

Hapa Lamu kibodi ikigoma, hewa ya chumvi ndiyo hulaumiwa kwanza. Aghalabu ni kweli. Lakini kabla hujatoa pesa ya kibodi nyingine, fungua ukurasa wa kuandikia, bonyeza herufi moja na uishikilie sekunde mbili. Ikitokea kwa kukawia, kibodi ni nzima. Kilichowaka ni Filter Keys.

Hii ni huduma ya Windows kwa wenye mikono inayotetemeka: hupuuza mguso mfupi. Huwashwa kwa kushikilia Shift ya kulia sekunde 8, na huzimwa vivyo hivyo. Balaa ni kwamba Shift iliyoingia chumvi au mchanga hunasa chini yenyewe. Sekunde 8 zikitimia, Windows huuliza kama iwashe Filter Keys; ukikubali bila kusoma, ubovu wa kitufe kimoja hugeuka kibodi nzima kunyamaza.

Sticky Keys, inayokuruhusu kubonyeza Shift au Ctrl kisha herufi kimoja baada ya kingine badala ya pamoja, huja kwa Shift mara 5 mfululizo, na wacheza gemu huifikia bila kutaka. Toggle Keys, ya kushikilia Num Lock sekunde 5, ni milio tu ukibonyeza vitufe kama Caps Lock.

Kuzima njia hizi za mkato, bonyeza Windows pamoja na U, kisha uende Keyboard. Wengi hukosea hapa: huzima swichi ya nje, ambayo tayari ilikuwa imezimwa, na njia ya mkato ikabaki. Kwenye Windows 11 ingia ndani ya kila jina, Sticky keys na Filter keys, uzime swichi ya Keyboard shortcut. Kwenye Windows 10 ondoa tiki ya Allow the shortcut key.

Mpangilio huu ni wa akaunti, si wa kompyuta. Saiba yenye akaunti mbili kwa kila mashine ina kazi mara mbili.

Anayejua rejista (Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows) aende HKEY_CURRENT_USER, Control Panel, Accessibility, abadilishe Flags: StickyKeys 510 iwe 506, Keyboard Response 126 iwe 122, ToggleKeys 62 iwe 58. Zote zinapungua 4, kwani 4 ndiyo inayoruhusu njia ya mkato. Toka kwenye akaunti uingie tena. Ukikuta namba tofauti, rudi kwenye swichi.

Mashine moja iache kama ilivyo. Yuko mteja anayechapa kwa mkono mmoja, na kwake Sticky Keys si kero. Ile Shift inayonasa bado inataka kusafishwa. Kwenye laptopu usiibandue kwa bisibisi, vishikizo vyake huvunjika upesi.