Kumpenda sokwe si kumkaribia: yanayodhaniwa kuhusu utafiti wa porini

Ukimwambia mtu kwamba unafuatilia sokwe porini, atakuuliza kama wanakuja kupakatwa. Watu wengi hudhani mtafiti hodari ni yule anayewalisha na kuwashika mikono. Picha za zamani zimechangia, na ni kweli mtafiti Jane Goodall, aliyefika Gombe, Tanzania, mwaka 1960, aliwawekea sokwe ndizi ili wasogee. Ila ndizi ziliwakusanya wengi mahali pamoja, ugomvi ukazidi, na utaratibu huo ukaja kuachwa. Siku hizi kuwazoesha ni kuonekana nao kila siku mpaka wasikujali hata kidogo, kazi inayoweza kula miaka.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, sokwe walikufa kwa magonjwa ya njia ya hewa, na mwaka 2008 ukachapishwa ushahidi kwamba virusi vilitoka kwa binadamu. Mafua unayoyapuuza wewe yanaweza kumuua mtoto wa sokwe. Ndiyo maana watafiti huvaa barakoa na kukaa mita 7 au zaidi, na mwenye kikohozi haingii msituni mpaka apone, hata akisihi vipi.

Wengine hudhani kazi ni kushika darubini na kungoja tukio la kusisimua. Anayefanya hivyo atarudi na daftari lililojaa mapigano, aamini nyani hupigana kutwa. Mbinu alizozifafanua mtafiti wa nyani Jeanne Altmann mwaka 1974 zinataka umchague mnyama mmoja, umfuate kwa muda uliopangwa, uandike hata usingizi wake. Nyani jike anachambua manyoya ya mwenzake, kisha anageuka naye achambuliwe: nani alianza, kwa dakika ngapi? Inachosha. Lakini rekodi za namna hiyo kutoka Amboseli, Kenya, ndizo zilizoonyesha kuwa majike walioshibana na wenzao hufanikiwa zaidi kukuza watoto.

Kwamba aina zote za nyani na kima zimeshajulikana, si kweli. Kipunji, kima wa kusini mwa Tanzania, alitangazwa kisayansi mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikwishamjua.

Na anayesema utafiti hauhifadhi chochote, atazame tena Taï: kima wamekutwa wengi zaidi karibu na kituo cha utafiti, kwa sababu majangili hukwepa njia zinazopitwa na watu kila siku. Fedha za utafiti zikikatika, ulinzi huo nao unakatika.