Udhibiti wa uwanja: eneo hili ni la nani?

Beki amesimama mita 10 kutoka mahali pasi itakapofikia. Straika wa timu pinzani yuko mita 12 kutoka hapo hapo, ila tayari yuko mbioni kuelekea huko. Mahali hapo ni pa nani? Ukipima umbali utasema pa beki. Ukipima muda, jibu linageuka.

Udhibiti wa uwanja ni hesabu inayokadiria, kwa kila kipande cha uwanja na kwa kila nukta ya muda, nani ana nafasi kubwa zaidi ya kuupata mpira endapo utapelekwa hapo. Neno la kushika ni "endapo". Mpira uko kwa kiungo, lakini hesabu inauliza habari za kila kona anakoweza kuupeleka.

Njia ya awali ni michoro ya Voronoi, yenye jina la mwanahisabati Georgy Voronoi aliyefariki mwaka 1908. Kila kipande hupewa mchezaji aliye karibu nacho, na mpaka kati ya wachezaji wawili hupita katikati yao kamili. Huchorwa haraka na hupendeza, lakini huwachukulia wachezaji kama miti iliyopandwa uwanjani. Mwaka 2000 watafiti Taki na Hasegawa walitoa mchoro wa aina nyingine: eneo ni la anayeweza kulifikia kwanza, kwa kuzingatia kasi na uelekeo alionao sasa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua iliyoifanya hesabu ifanane na soka lenyewe.

Turudi kwa wale wawili. Tuseme kila mmoja huchukua sekunde 0.7 kuisoma pasi, kisha hukimbia mita 5 kwa sekunde. Beki aliyesimama anazipoteza zile sekunde 0.7 bila kusogea, halafu anatumia sekunde 2 kumaliza mita zake 10. Jumla ni sekunde 2.7. Straika naye, wakati anaisoma pasi, miguu yake inaendelea kukimbia: ameshakula mita 3.5. Zimebaki 8.5, sawa na sekunde 1.7, na jumla yake ni sekunde 2.4. Yuko nyuma kwa mita mbili, lakini anafika wa kwanza.

Je, sekunde 0.3 zinatosha kusema eneo ni lake moja kwa moja? Hapana. Anaweza kuugusa mpira vibaya, au beki akanyoosha mguu. Ndiyo maana mbinu za sasa, kama ile ya mtafiti William Spearman, hutoa uwezekano kwa asilimia badala ya kuchora mpaka mkali. Na mpira wenyewe una muda wake: pasi ya chini inayofika pale kwa sekunde 2.4 inamkuta straika peke yake, lakini mpira wa juu unaoelea sekunde 3 unawakuta wote wawili wameshafika, na faida ya straika imeyeyuka. Eneo ni lile lile, pasi mbili tofauti, mmiliki si yule yule.

Kazi ya kompyuta si ndogo. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ukigawanywa katika miraba ya mita moja unatoa miraba 7,140. Kwa wachezaji 22, hizo ni hesabu 157,080 za muda wa kufika kwa picha moja tu, na kamera za kufuatilia wachezaji kwa kawaida hurekodi picha 25 kila sekunde. Mchezaji aliyeotea huondolewa kwenye hesabu, maana eneo analolishika halimsaidii kitu.

Hesabu hizo huchorwa kama ramani, kila eneo likiwa na rangi ya timu inayolishika. Ramani hii haijui kila kitu. Mara nyingi hutumia kasi moja kwa wote, aliyechoka na aliyeingia sasa hivi, na haioni kifua cha mchezaji kimegeukia wapi. Lakini mtazame straika anayekimbilia nguzo ya karibu huku beki wa kati akimfuata. Nyuma yao rangi ya ramani inaanza kubadilika, sehemu iliyokuwa ya walinzi inageuka ya winga anayeingia kutoka pembeni. Pasi haijapigwa, na straika huyo huenda asiuguse mpira kabisa. Takwimu za kawaida zisingemwandikia kitu. Ramani imeshaonyesha kwamba eneo lile amelifungua yeye.