Mkakati wa Watoto na Vijana Usomwe Kuanzia Nyuma

Nikipewa mkakati wa huduma za watoto na vijana niutolee maoni, dibaji naiacha. Dibaji za nyaraka hizi ni kama zimetoka tumbo moja: watoto ni taifa la kesho, vijana ni nguvu kazi, wadau wote walishirikishwa. Mimi naanzia nyuma, kwenye jedwali la utekelezaji, natafuta safu mbili tu: ya fedha na ya mhusika. Nikikuta kwenye safu ya mhusika pameandikwa "serikali, jamii na wadau wengine", najua mhusika hayupo.

Siupuuzi ushirikiano. Chanjo ziko chini ya idara ya afya, shule chini ya elimu, mtoto anayepigwa nyumbani anawahusu ustawi wa jamii na polisi, na uwanja wa michezo ni wa halmashauri. Bila mkakati wa pamoja kila mmoja atavutia kwake. Ninachogombana nacho ni mgawanyo wa kazi. Yapo ambayo serikali peke yake inayaweza: kutunga sheria, kutenga fedha zinazorudi kila mwaka, kukusanya takwimu za nchi nzima. Yapo pia ambayo jamii inayaweza kuliko ofisi yoyote: kujua nyumba ipi haijafikiwa, wazazi wanapatikana saa ngapi, nani akigonga mlango atafunguliwa. Mikakati mingi niliyoipitia huupindua mgawanyo huo. Maamuzi yanabaki juu, gharama zinashushwa chini, kisha kamati ya watu wanaojitolea inalaumiwa kwa kulegea.

Kisheria jambo hili si hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, na katika wanachama wote wa umoja huo ni Marekani tu ambayo haijauridhia. Kifungu chake cha 4 kinazitaka serikali zitumie rasilimali walizonazo kwa kadiri ya juu kabisa inayowezekana. Mwaka 2016 kamati inayousimamia mkataba ilitoa maoni ya jumla namba 19, yanayohusu bajeti za umma na haki za mtoto. Ni waraka mkavu kweli kweli, ila ningeambiwa nimkabidhi mwanaharakati waraka mmoja tu aende nao kwenye kikao cha bajeti, ningempa huo.

Mfano ninaoupenda kuhusu mgawanyo huu ni Sure Start ya Uingereza. Ilianza mwaka 1999 katika maeneo maskini ya England, ikilenga watoto wa chini ya miaka 5 na familia zao: afya, malezi, michezo na msaada kwa wazazi, vyote vikiwa karibu na mahali wanapoishi. Vituo vya awali vilikuwa na fedha nyingi, vilisimamiwa kwa ubia ambao wazazi walikuwamo, na watumishi wake waliwafuata watu majumbani. Baadaye mpango ukapanuliwa nchi nzima na kuwekwa chini ya halmashauri. Vituo vikaongezeka, fungu la kila kituo likapungua, na sauti ya wazazi ikafifia. Kuanzia mwaka 2010 ukaja mkasi wa bajeti na vituo vingi vikafungwa.

Mwaka 2024 watafiti wa taasisi ya Institute for Fiscal Studies walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto hao hadi mitihani yao ya umri wa miaka 16. Walioishi karibu na kituo katika miaka 5 ya kwanza walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao, na kwa watoto wa familia maskini nafuu ilifikia madaraja matatu ukijumlisha masomo yote. Lakini faida hiyo yote ilitokana na vile vituo vya awali, vilivyofunguliwa kati ya 1999 na 2003. Vilivyofuata, vikiwa na jina lilelile, havikuonyesha athari hiyo. Kila ninaposikia mpango mzuri "unapelekwa nchi nzima" huwa nauliza ni nini kinachopelekwa: huduma yenyewe au kibao cha mlangoni.

Iceland inatajwa mno katika mikutano yetu kwa kupunguza ulevi na uvutaji sigara wa vijana, na mara nyingi inatajwa kijuujuu. Mwaka 1998, asilimia 42 ya wanafunzi wa miaka 15 na 16 walisema wamewahi kulewa ndani ya siku 30 zilizopita. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Waliovuta sigara kila siku walishuka kutoka asilimia 23 hadi 3. Watu wakisikia hivyo hukimbilia kunakili saa za watoto kuwa ndani usiku, kwa sababu amri ni rahisi na haina gharama. Amri hiyo ipo, ndiyo: wa miaka 13 hadi 16 hawatakiwi nje baada ya saa 4 usiku wakati wa baridi, au saa 6 usiku wakati wa kiangazi. Sheria pia inakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18 na pombe walio chini ya 20.

Injini yenyewe ilikuwa kwingine. Kila mwaka wanafunzi hujaza dodoso, si kuhusu pombe peke yake, bali pia muda wanaokaa na wazazi, hali ya moyo, michezo na marafiki. Matokeo hurudi kwa kila halmashauri na kila shule yakiwa bado ya moto. Mkuu wa shule na wazazi wa mtaa husika wanakaa wakizungumza juu ya watoto wao wenyewe, si wastani wa taifa. Wazazi wakatia saini makubaliano kati yao, kwa mfano kutoruhusu karamu zisizo na mtu mzima, na wengine wakazunguka mitaani jioni kwa zamu. Upande wa serikali ukatoa fedha: makocha waliosomea kazi, vilabu vya michezo, muziki na sanaa. Jijini Reykjavik familia hupewa kwa kila mtoto fungu la mwaka la kulipia shughuli hizo.

Tazama nani alifanya nini hapo. Hakuna mzazi aliyeombwa ajenge uwanja. Hakuna afisa wa wizara aliyejaribu kuwa mzazi. Na ilichukua takriban miaka 20, wanasiasa wakibadilika na dodoso likibaki. Ni kweli nchi hiyo ina watu wachache kuliko miji mingi duniani, kwa hiyo simshauri mtu yeyote aibebe nzima nzima. Ila fedha ikiondolewa na dodoso likiondolewa, kinachobaki ni kuwafukuza vijana barabarani usiku.

Serikali nayo inaweza kuzidisha. Scotland ilipitisha sheria mwaka 2014 iliyotaka kila mtoto awe na mtu wake maalumu serikalini, kwa kawaida muuguzi wa jamii kwa wadogo na mwalimu mwandamizi kwa wakubwa, ili taarifa zisipotelee kati ya ofisi. Nia ilikuwa njema. London walikuwa wamejifunza kwa uchungu baada ya kifo cha Victoria Climbié, mtoto aliyeteswa na walezi wake hadi akafa mwaka 2000, ambapo uchunguzi ulikuta polisi, hospitali na ustawi wa jamii walipata angalau nafasi 12 za kumwokoa. Hata hivyo, Julai 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba vipengele vya kupeana taarifa vinaingilia haki ya faragha ya familia, na mwaka 2019 serikali ya Scotland ikaachana na mpango huo. Wazazi wengi waliuona kama jicho la serikali ndani ya nyumba. Imani hainunuliwi kwa kifungu cha sheria, na kwa watu wa takwimu kama mimi hilo ni gumu kumeza.

Kuhusu vijana kushirikishwa sitasema mengi, maana karibu kila waraka una sura nzima juu yake. Mtafiti Roger Hart, mwaka 1992, katika kazi aliyoifanyia UNICEF, alichora ngazi yenye vidato 8 na kusema vitatu vya chini si ushiriki hata kidogo: kutumiwa, kufanywa pambo, na kuwekwa ili mtu aonekane yupo. Vijana waliovalishwa fulana na kupewa shairi la ufunguzi wako kwenye kidato cha pili. Jiji la Boston, Marekani, lilipita njia nyingine mwaka 2014: vijana wa miaka 12 hadi 25 walipewa dola milioni 1 za bajeti ya miradi ya jiji, wakapendekeza na kupiga kura. Ukitaka kujua kidato chako, uliza vijana wameamua shilingi ngapi.

Mahali ninapokagua mwisho ni umri. Kwa Umoja wa Mataifa mtoto huishia miaka 18, na kijana katika takwimu zake ni wa miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unasema 15 hadi 35. Kwenye makaratasi umri unapishana, ila kwenye huduma kuna shimo. Aliyelelewa katika makao ya watoto anafikisha miaka 18, faili lake linafungwa, na ofisi ya vijana haijawahi kumsikia. Umoja wa Ulaya ulijaribu kuziba sehemu ya shimo hilo mwaka 2013 kwa kuahidi kwamba kila aliye chini ya miaka 25 atapata ofa ya kazi, masomo au mafunzo ndani ya miezi 4 tangu aache shule au apoteze kazi. Mwaka 2020 umri ukapandishwa hadi chini ya miaka 30. Mwaka 2017 wakaguzi wa Ulaya walizitembelea nchi 7, wakakuta hakuna hata moja iliyoweza kumfikishia kila kijana ofa hiyo kwa wakati. Waliweza kulisema hilo kwa sababu miezi 4 ilikuwa imeandikwa.