Mtarakwa sio saipresi jamani

Kila nikipita na watu pembeni ya msitu wa mlimani lazima mmoja aseme "angalia saipresi zile", na mimi roho inaniuma manake saipresi imeletwa kutoka Mexico huko, lakini mtarakwa, ambao Tanzania wengi wanauita mwangati, ni wa kwetu kabisa, upo Eritrea na Ethiopia, unashuka Kenya, Tanzania, mpaka uwanda wa Nyika kule Malawi nako upo. Ndo juniperi (jamii ya miti ambayo mtarakwa ni mmojawapo) pekee ya asili iliyovuka ikweta kuingia kusini.

Kuutambua angalia tunda. La saipresi ni gumu kama mbao. La mtarakwa ni dogo, laini, linazidi kidogo punje ya pilipili manga, rangi ya bluu iliyokolea na juu kuna kaunga keupe, ukipitisha kidole kanafutika. Ukikuta mti hauna tunda usishangae, kuna midume na mijike.

Sasa kitu kinachochanganya watu. Ingia chini ya mitarakwa mizee, mita 30 kwenda juu, matawini zinaning'inia zile ndevu za kijivu za kuvumwani (lichen), halafu tafuta mche wake hapo chini, hupati, unakuta podo na mzeituni mwitu tu. Sio kwamba msitu unakufa, mche wa mtarakwa unataka jua, chini ya kivuli cha mama yake hautoki. Kiasili moto ndo unaufungulia nafasi, gome lake jembamba kwa hiyo miti mikubwa inaungua inakufa, halafu njiwa wa msituni wanadondosha mbegu kwenye uwazi, miche inatoka kwa pamoja, ndo maana unakuta eneo zima mitarakwa ni rika moja. Ila moto ukirudi kila baada ya miaka michache, au mbuzi wakiingia, miche inaisha kabla haijazaa hata mara moja.

Na mbao yake ndo balaa, nyekundu, inanukia penseli, mchwa hawaigusi, kwa hiyo kila mtu anataka posti za fensi. Kuna kuvu inayoozesha moyo wa mti huku nje unaonekana mzima, mtu anaangusha mti wa miaka zaidi ya mia anakuta ndani ni shimo, anauacha hapo hapo anahamia wa pili. Nimesimama juu ya visiki vya namna hiyo vingi sana.

Ukiotesha, miche usiifiche chini ya miti mikubwa, ipeleke penye jua na uizungushie uzio wa mbuzi.